Kamsa ya Mawimbi: Tunachokificha Tunaposema "Bila Waya"

"Mwalimu, wameniambia haina waya. Sasa mbona inaniomba umeme?"

Aliyeniuliza ni mwenye duka mmoja wa Eldas, mji mdogo ulio kaskazini-magharibi mwa Wajir. Mkononi alishika boksi lililosafiri kutoka Nairobi juu ya lori la bidhaa. Ndani yake mlikuwa na kisanduku cheupe, vidude vinne vya kubandika mlangoni na ukutani, rimoti mbili na king'ora. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza na Kichina. Aliniomba nimtafsirie ukurasa mmoja tu, nami nikadhani ni kazi ya nusu saa. Nilikwama kwenye mstari wa kwanza, kwenye jina lenyewe: "wireless alarm".

Swali lake lilikuwa zito kuliko nilivyolichukulia. Alikuwa ameambiwa neno, akaliamini kama lilivyo: kitu kisicho na waya ni kitu kinachojitegemea. Hakuna aliyemdanganya, walimtafsiria tu. Lakini jina linalotaja kilichoondolewa halimwambii mtu kilichobaki, na katika kifaa cha kulinda nyumba kilichobaki ndicho kinachomwokoa au kumwacha.

Nianze na "alarm", kwa kuwa Kiswahili kimejaliwa hapo. Waingereza walilipata neno hilo kwa njia ndefu kutoka kwa Waitaliano, waliopiga kelele "all'arme!", yaani "shikeni silaha!" Kabla ya kuwa jina la kifaa, lilikuwa sauti ya mtu akiwaita watu. Sisi tuna neno lenye moyo huohuo, nalo ni kamsa. Msomaji wa gazeti la Taifa Leo amekutana nalo mara nyingi: mwizi akaruka ua, mwenye nyumba akapiga kamsa, majirani wakafika. Tazama vitenzi hivyo vitatu vinavyofuatana. Kamsa isiyofikiwa na mtu haijakamilika. Wasomali wa Eldas nao wana qayladhaan, kilio cha kuomba msaada ambacho anayekisikia huacha alichokuwa akifanya. Watu wa Pwani walikuwa na mbiu ya mgambo, ambayo ikilia kuna jambo.

King'ora ni kitu kingine. Hicho ni chombo na mlio wake, kile cha ambulansi na cha zimamoto. Kengele ni ya shule na ya saa ya kuamkia. Alamu ninaisikia sana mitaani na sina ugomvi nayo, ila haibebi chochote zaidi ya sauti ya Kiingereza iliyovikwa irabu. Tofauti hii ina kazi. Baadhi ya mitambo ya siku hizi ina kitufe cha dharura ambacho ukikibonyeza nyumba haitoi sauti hata kidogo. Ujumbe unakwenda kwa simu za watu uliowachagua, wakati aliyevamia anadhani uko peke yako. Mahali ambapo mvamizi huenda ana bunduki, kelele inaweza kumfanya afyatue. Ukiuita mtambo mzima king'ora, huwezi kuitaja huduma hiyo bila kujipinga, maana king'ora kimya ni king'ora kilichokufa. Kamsa ya kimya, lakini, inasemeka na inaeleweka mara moja: ni wito usiosikika na adui. Kwa hiyo kwangu mtambo ni kamsa, na king'ora ni kiungo chake kimoja tu, kile kinachopaza sauti.

Sasa tuje kwenye "wireless". Watafsiri wa programu za kompyuta wametuletea pasiwaya, neno fupi, la werevu, na limekwisha kuzoeleka katika menyu za simu. Tatizo ni kwamba linakanusha. Wazee wetu walipokutana na kitu hiki mara ya kwanza hawakukanusha. Walisema simu ya upepo, wakataja kinachobeba ujumbe badala ya kisichokuwepo. Na humo mna jambo linalonifurahisha kila nikilikumbuka: simu lenyewe ni neno la Kiajemi, sim, lenye maana ya waya. Waajemi wa leo wakitaka kusema redio ya mawasiliano husema bi-sim, bila waya. Sisi tunatembea na waya wa jina mfukoni, ilhali simu zetu hazina hata uzi. Wasomali yamewapata yaleyale. Kabla minara ya simu za mkononi haijaenea Kaskazini Mashariki, jamaa waliokimbilia kambi za wakimbizi za Dadaab tangu mwaka 1991 walizungumza na ndugu zao wa mbali kwa taar, redio za masafa marefu zilizoendeshwa kama biashara. Taar asili yake ni neno la kule Uajemi na Bara Hindi, lenye maana ya uzi au waya, na baadaye telegramu. Lugha mbili jirani, kila moja ikakiita kisicho na waya kwa jina la waya, na hakuna aliyepotea njia, kwa sababu watu walijua kazi ya kile kitu.

Hata simu ya upepo haikuwa upepo mtupu. Siku chache baada ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza, tarehe 8 Agosti 1914, manowari ya Uingereza iitwayo Astraea ilifika Dar es Salaam, na shabaha yake ilikuwa mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani. Karne moja baadaye, katika kaunti za Wajir, Mandera na Garissa, minara ya simu imelipuliwa mara kadhaa na wapiganaji wa Al-Shabaab, na vijiji vizima vikabaki bila mtandao. Waliotaka kunyamazisha mawimbi hawakukimbizana nayo hewani, waliuendea mnara.

Ndiyo maana napendekeza kamsa ya mawimbi. Mawimbi ya redio ni msemo wa kawaida, hata mtoto wa shule anaujua, na ukishasema mawimbi umejifungulia maswali yanayofaa: yanatoka wapi, yanaishia wapi, nini kinayazuia, nani mwingine anayasikia?

Tulikaa na mwenye duka tukayajibu moja moja. Vidude vile vya kubandika, ambavyo ni vihisi, vinatumia betri ndogo na kutuma ujumbe mfupi kwenye kisanduku kikuu. Vingi vya bei nafuu hutumia masafa ya megahezi 433. Kisanduku kikuu ndicho kinachoomba umeme. Kikipata habari, kinaamuru king'ora kilie na kutuma ujumbe kwa laini ya simu iliyochomekwa ndani yake. Mita mia zilizoandikwa kwenye boksi zilipimwa uwanjani. Duka lake lina kuta na mlango wa mabati, na bati hurudisha mawimbi ya redio kama ukuta unavyorudisha mpira. Ujumbe wa kihisi cha ghala la nyuma haukufika kwa kisanduku hadi tulipokihamisha kihisi hicho.

Umeme wa Eldas unatoka kwenye kituo kidogo cha jenereta cha hapohapo mjini, mbali na gridi ya taifa. Ukikatika, mtambo unaegemea betri ya akiba. Hiyo betri haipendi kukaa chini ya paa la bati lisilo na dari, na huku mchana joto hupanda kupita nyuzi 36. Joto hilo linagusa pia kihisi cha mwendo, jambo ambalo sikuliona katika maelezo. Kihisi cha mwendo hakimwoni mtu. Kinapambanua joto la mwili wake na joto la kilicho nyuma yake. Ukuta ukipata joto karibu sawa na la ngozi, mtu anaweza kupita kihisi kikamwona hafifu au kisimwone kabisa. Nairobi hilo halimsumbui mtu. Eldas, alasiri ya mwezi wa tatu, ni sababu tosha ya kuutegemea zaidi mlango: kipande cha sumaku na swichi yake, ambavyo vinapoachana habari inatumwa, kuwe na joto au baridi.

Halafu tukafika kwenye rimoti, na hapo tafsiri iligeuka jambo la kuumiza. Kuna vitufe viwili, "arm" na "disarm". Kamusi ukiifuata neno kwa neno, cha pili ni "nyang'anya silaha". Usimwandikie mtu wa Wajir maneno hayo kwenye rimoti yake. Februari 1984, operesheni iliyoanza kwa jina la kuwanyang'anya watu silaha iliishia kwa mauaji katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na mji wa Wajir, na wajane na mayatima wa siku zile bado wanaishi katika kaunti hiyo.

Washa na zima, wanayosema mafundi wengi, yanapotosha kwa namna nyingine. Mwenye duka alisikia "zima", akaenda kuchomoa plagi. Mlango ulipofunguliwa king'ora kikapiga ukelele, kwa kuwa mtambo uliochomolewa hubaki macho kwa betri ya akiba. Alichopaswa kufanya ni kuuambia kwamba aingiaye ni mwenyewe. Kiswahili kina jozi inayofaa kabisa: tega na tegua. Mtego hutegwa usiku na kuteguliwa asubuhi. Ukiteguliwa haujavunjwa wala haujaondolewa, umetulizwa tu. Najua pingamizi. Habari za barabara zetu zimejaa mabomu ya kutegwa, na mtu anaweza kushtuka akisoma "imetegwa" kwenye simu. Nimelipima hilo na bado nachagua tega, maana mtego wa kanga na wa panya ulikuwapo kabla ya bomu, na neno lililochafuliwa na wabaya linastahili kurudishiwa kazi yake. Ujumbe uandikwe kamili, "Kamsa ya duka imetegwa", na mshtuko utakwisha.

Neno jingine la kurekebisha ni kamsa ya uongo. Mbuzi akisukuma mlango, au mjusi akipita mbele ya kihisi, hakuna aliyedanganya. Niseme kamsa tupu. Na kamsa tupu inachosha: ya kwanza majirani hukimbia, ya pili hutembea, ya tatu hujigeuza kitandani. Kwa hiyo kihisi kinachosumbua kirekebishwe siku hiyohiyo, kabla hakijawafundisha majirani kutosikia.

Kuhusu wanaosikiliza mawimbi yasiyo yao, rimoti nyingi za bei ya chini hutuma namba ileile kila ukibonyeza. Mwenye kifaa kidogo cha kunasa anaweza kuirekodi asubuhi na kuirudia usiku, na kamsa ikateguka kwa utii. Rimoti bora hubadilisha namba kila mara. Nauita huo msimbo geugeu, na hapa ugeugeu ni sifa njema. Zaidi ya hayo, vihisi vya bei nafuu vina mdomo bila sikio: vinatuma tu, havijui kama vimesikika. Mwizi akiyavuruga mawimbi, kisanduku kinadhani kimya hicho ni usalama. Mtambo wa maana huwa na salamu, yaani kila kihisi hujitambulisha kila baada ya muda, na kisiposikika kisanduku hupaza sauti. Uliza salamu kabla ya kuuliza bei. Uliza pia kama kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Namba ya siri iliyotoka kiwandani, ile 1234 au 0000, ibadilishwe kabla hujabandika chochote ukutani, na laini iliyo ndani iwekewe salio. Kamsa ambayo salio lake limeisha itamwita nani?

Jambo moja halikuwemo popote katika ukurasa ule, nami nililiandika kwa herufi kubwa pembeni. Betri bapa za baadhi ya rimoti na vihisi, zile zinazofanana na sarafu, huchoma koo la mtoto akizimeza, na ndani ya saa mbili tu madhara yanaweza kuwa makubwa. Mtoto akihisiwa kuwa amemeza, apelekwe hospitali hapohapo, bila kusubiri kuona kama atalalamika.

Baada ya hayo mwenye duka aliniuliza swali lililonirudisha kwenye neno la kwanza. "Ikilia saa nane usiku, nani anakuja?" Katika mitaa ya matajiri Nairobi hujibiwa na gari la kampuni ya ulinzi. Eldas hujibiwa na jirani, na askari wa akiba, na polisi wa 999 ikiwa mtandao upo na barabara inapitika. Nyumba Kumi, mpango wa majirani kulindana ambao Kenya iliuanzisha mwaka 2013 kwa kuiga mfano wa mabalozi wa nyumba kumi wa Tanzania, huku hauhitaji kufundishwa. Watu waliozoea kuhama na ngamia wao wamekuwa wakilindana tangu zamani. Lakini jirani hawezi kuitikia mlio asioujua. Akisikia mlio wa kidude cha plastiki usiku atadhani ni gari, au simu ya mtu.

Nimeandika katika karatasi yake "Kamsa ya Mawimbi", na chini yake tega na tegua. Wewe pia ukinunua mtambo huu, usiubandike kimyakimya. Wapigie hodi watu wa nyumba tatu au nne zilizo karibu, uwasikilizishe king'ora mchana kweupe, uwape namba yako ya simu, uwaambie: huu ukilia, ni mimi naita.