Mjane wa Tharia Topan na Nyumba Zetu za Mji Mkongwe



Maharusi wengi wa Unguja wana picha mbele ya lile jengo la Mizingani, karibu na bandari, lenye roshani za mbao zilizotobolewa kama lesi. Ni Dispensari ya Zamani. Sisi washonaji tunaletewa picha hizo tuambiwe, "nataka nakshi kama hii kwenye mkono wa gauni." Mashaallah, tunashona. Ila tukiuliza nani alilimaliza jengo lile, hakuna anayejua, na aliyelimaliza ni mwanamke.

Tharia Topan, mfanyabiashara wa Kihindi aliyewahi kuwa mkuu wa forodha ya Sultani, aliweka jiwe la msingi mwaka 1887, katika jubilei ya miaka 50 ya Malkia Victoria. Nia yake ilikuwa hospitali ya maskini. Mwaka 1891 alifariki na kazi ikasimama. Mjane wake akaiendeleza mpaka jengo likakamilika mwaka 1894. Tunaojua taabu ya kumsimamia fundi mmoja wa bati tu tunaweza kupima mzigo aliobeba mama yule. Baadaye likaingia mikononi mwa wasimamizi wa mali ya sadaka ya tajiri mwengine. Chini watu wakapewa dawa, juu wakakaa wapangaji.

Hivyo ndivyo mji huu ulivyokuwa ukishikiliwa. Misikiti, visima, vyuo vya Qur'ani na nyumba nyingi za kukaa zilikuwa wakfu: haziuzwi, hazirithiwi, kodi yake inarudi kwenye matengenezo na kwa waliotajwa na mwenye kuweka wakfu. Leo tukisikia "shirika lisilo la faida" tunadhani ni kitu kilichokuja na ndege.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, nyumba zikachukuliwa na serikali, wakaingizwa watu waliokuwa na shida ya makaazi. Hilo la kuwapa watu pa kukaa hatulilaumu. Lakini kodi ilikuwa ndogo, vyumba vikagawanywa kwa mbao, na paa likivuja kila mpangaji alimngojea mwenzake. Nyumba zikaanza kuanguka. Dispensari nayo ikachakaa. Mwaka 1985 serikali ikaunda Mamlaka ya Mji Mkongwe kusimamia majengo yapatayo 1,700, kazi kubwa kuliko mfuko wake.

Hapo ndipo mfuko wa utamaduni wa Aga Khan ulipoingia. Ulichukua Dispensari mwaka 1990, ukaitengeneza hadi katikati ya miaka ile, na mafundi wa hapa hapa wakafunzwa tena kazi ya chokaa. Hili la chokaa tulieleze vizuri, maana baadhi yenu mna nyumba kule. Kuta zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, dari ni boriti za mikoko; ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, haviwezi kupita urefu wa boriti. Ukuta wa chokaa unavuta maji na kuyatoa. Ukiupaka saruji unyevu unabaki ndani, plasta inabanduka, boriti zinaoza. Ni sawa na kumvisha bibi harusi nailoni mwezi wa Januari: nje anang'aa, ndani anaoga jasho. Fundi akikwambia saruji ndiyo imara, mwambie asubiri kwanza, utafute fundi wa chokaa.

Mwaka 2000 UNESCO ikauweka Mji Mkongwe katika urithi wa dunia. Mwaka 2009 bustani ya Forodhani ikafunguliwa upya kwa kazi ya mfuko ule ule, pamoja na ukuta wa bahari. Kwetu hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote. Mama mwenye watoto wanne anakaa pale baada ya Magharibi bila kununua kitu, hakuna wa kumuuliza.

Lakini si kila kilichotengenezwa kimebaki chetu. Jengo la zamani la simu pale Shangani, nalo likiwa kazi ya taasisi za Aga Khan, likawa hoteli. Ni nzuri sana na imeajiri watu. Baada yake zikafuata nyingine nyingi za watu binafsi, na nyumba iliyokuwa na familia tatu sasa ina vitanda vya wageni. Nyumba hizi zilijengwa kwa kutufikiria sisi: sebule ya wanaume mbele, ua wa ndani kwa wanawake, na penginepo wikio, lile daraja la juu ambalo mwanamke alivuka kwenda kwa jirani bila kushuka njiani. Siku hizi anayevuka ni mhudumu na sinia la chai.

Na nyumba nyingi zinaondoka kupitia mirathi. Warithi wanakuwa kumi, mmoja Pemba, mmoja Muscat, mmoja London. Hakuna anayetoa pesa ya paa, mwisho wanauza. Mara nyingi mjane mwenye thumni yake na mabinti hupelekewa karatasi wakati kila kitu kimeshaamuliwa. Dada zetu, kabla hujatia saini muulize kadhi, na waulize ndugu zako kama inawezekana nyumba au sehemu yake iwekwe wakfu. Sheria ipo na Kamisheni ya Wakfu ipo.

Kuchelewa kuna hasara yake. Beit al Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, lilianguka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020 likiwa katika matengenezo, na wafanyakazi wawili wakafariki, Allah awarehemu. Dispensari iko hatua chache tu kutoka pale, pwani ile ile, na roshani zake zimesimama.