Radiumu ya Shinkolobwe na uchovu usioisha na usingizi



Mwaka jana mama mukubwa alirudia hapa Lubumbashi kisha wiki tano za miale. Kansere ya titi ilikuwa imepunguka, lakini analala masaa 10 na anaamka amechoka. Mu parsele bakaanza kusema: «Amezoea kutumikiwa.» Miye pia nilifikiri vile. Njo nikaanza kusoma, na kusoma kukanirudisha huku kwetu.

Mu 1915, mutafuta-madini Robert Sharp aligundua uraniumu ku Shinkolobwe, karibu na Likasi. Bengi tunakumbuka bombe la Hiroshima tu. Lakini miaka zaidi ya 20 mbele ya bombe, yale mawe yalitafutwa juu ya radiumu yenye ilikuwa ndani. Kuanzia 1922, Union Minière iliitoa ku kiwanda cha Olen, Ubelgiji. Ilikuwa mingi mupaka migodi ya Colorado, Marekani, ikashindwa bei na kufungwa. Hospitali za Ulaya na Marekani ziliitia mu sindano za kuchoma kansere.

Banganga ba wakati ule walishaona mugonjwa anatoka ku miale mulegevu, anatapika, hana hamu ya chakula. Kwa Kifaransa wakasema «mal des rayons». Wajerumani wakasema «Röntgenkater», sawa mutu mwenye kuamkia pombe ya jana.

Leo sababu zinajulikana zaidi. Miale inavunja seli, na mwili unatoa sitokine, protini zenye zinatulalisha pia wakati wa malaria. Habari inafika ku ubongo, ubongo unaamuru: pumzika. Kwa wengine damu pia inapunguka. Miye mwagronome ninaona muhindi wenye kuliwa na wadudu: sukari inaenda ku kujikinga, punje zinabakia ndogo. Hakuna mutu anaita ule muhindi mvivu.

Uchovu wa miale unapanda wiki kwa wiki, unazidi karibu na mwisho wa matibabu, kisha unashuka polepole, wiki ao miezi. Kulala tu hakutoshe. Kutembea kidogo kila siku kunasaidia, kama munganga anakubali.

Nilimuomba mama mukubwa msamaha, na nikaeleza bantu ba parsele. Sasa kila asubuhi tunatembea naye mupaka ku kona ya avenue na kurudia. Juzi ni yeye alisema twende ku kona ya pili.

Kama mu familia yenu muko mugonjwa wa vile, mumuulize kwanza, mbele ya kumuhukumu.