Dubu Amelala Chali

Juzi stima ilipotea Kangemi, nikapanda juu ya ploti. Saa tatu usiku mwezi wa Aprili, angalia kaskazini, upande wa Wangige: nyota saba kama upawa uliogeuzwa. Hapo ni mgongo na mkia wa Dubu Mkubwa. Kutoka kwetu amelala chali, miguu juu. Ukiwa Kencom sahau, taa za tao zimemmeza.

Wasee, Kenya haina dubu. Hata jina tulitoa kwa Kiarabu. Lakini mabaharia Waarabu waliokuja Mombasa na Malindi kwa upepo wa kaskazi waliona kitu kingine hapo: jeneza, na mabinti wa marehemu wakilifuata. Wakaliita Na'sh.

Na ilikuwa kazi, si hadithi tu. Nyota ya kaskazini, Jah, iko mwisho wa mkia wa Dubu Mdogo. Baharia alipima kwa vidole iko juu ya bahari kiasi gani, akajua amefika wapi. Ukishuka huku kwetu inazama, Nairobi huioni kabisa. Hapo alihamia Farkadani, nyota mbili za dubu huyo huyo, ama Na'sh.

Vasco da Gama alitoka Malindi 24 Aprili 1498 na rubani aliyepewa hapo. Siku tano baadaye, shajara ya safari inasema, wakaiona tena nyota ya kaskazini. Rubani mwenyewe, watu bado wanabishania jina lake. Shuleni tulikariri Vasco. Mimi hata chuo sikumaliza, lakini huyo rubani ndiye ningetaka kukaa naye juu ya hii ploti, stima ikiwa imepotea.