Majina Matano ya Ndege za Kigali

Rwanda haina bahari. Kutoka Kigali hadi bandari ya Dar es Salaam ni takribani kilomita 1,500 za barabara. Kwa kuwa nchi haina meli ya kupeperusha bendera yake ng'ambo, kazi hiyo iliangukia ndege. Ukitaka kujua nani alikuwa mwenye mali katika kila zama, fuata majina yaliyopakwa ubavuni mwake.

La kwanza lilikuwa Air Rwanda, shirika la serikali lililoundwa mwaka 1975. Lilifuata mtindo wa Kifaransa uliokuwa umezagaa ukanda huu, "Air" ikitangulia na nchi ikifuata, kama Air Zaïre na Air Burundi. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994, shirika likafufuliwa mwaka 1996 kwa jina la Rwanda Airlines. Mpangilio ukageuka na kuwa wa Kiingereza, wakati ambapo nchi iliongozwa na wengi waliokulia uhamishoni Uganda.

Mwaka 1998 akaingia mbia. Alliance Air, ubia wa Afrika Kusini, Uganda na Tanzania, ulichukua hisa, na ndege za Kigali zikaitwa Alliance Express Rwanda: mwekezaji mbele, mwenye nyumba mkiani. Ubia huo ulivunjika mwaka 2000. Serikali ilipozindua upya safari, Desemba 2002, jina likawa Rwandair Express. Nchi ilirudi mbele, lakini "Express", neno la enzi za mbia aliyeondoka, lilibaki likining'inia nyuma.

Wakati huo huo rangi za taifa nazo zilikuwa zimebadilika. Bendera ya tangu uhuru ilikuwa nyekundu, njano na kijani, na katikati herufi kubwa R iliyoitofautisha na bendera ya Guinea. Oktoba 2001 ilipitishwa bendera mpya, iliyobuniwa na Alphonse Kirimobenecyo: bluu ya amani, njano ya maendeleo ya uchumi, kijani ya matumaini ya ustawi, na jua pembeni. Nyekundu ikaondoka. Rangi hizo tatu ndizo zilizopakwa kwenye ndege, na tangu hapo haikuhitajika herufi kueleza zinatoka wapi.

Juni 2009 "Express" ikafutwa, na shirika likawa RwandAir. Herufi moja ya A inafanya kazi mbili: inafunga Rwanda na kufungua Air. Neno lililonuka safari fupi za jirani halikufaa tena shirika lililokuwa likitazama mbali. Mwaka 2011 zilifika Boeing 737-800 mpya mbili. Mwaka 2016 zikafuata Airbus A330 mbili, Ubumwe na Umurage, yaani umoja na urithi. Na Mei 2017 safari za London zikaanza. Ni tiketi tu isiyoitaja nchi: alama ya shirika ni WB, na ndiyo abiria wanayoitafuta kwenye mbao za Kanombe, uwanja wa ndege wa Kigali.

Februari 2020 Qatar Airways ilitangaza kwamba inazungumza ili kununua 49% ya hisa. Safari hii hakuna aliyezungumzia kulibadili jina. Mwaka 1998 mbia aliingia kwa kubandika jina lake. Miaka ishirini na ushei baadaye, jina lilikuwa sehemu ya kile mbia mpya alichotaka kununua.