Nitro Haikushindwa kwa Mwendo

Katika mbio za magari ya rimoti, simulizi iliyozoeleka ni kwamba injini za nitro, zinazochoma mafuta yenye nitromethani, zilitawala hadi umeme ulipokuja na kasi kubwa zaidi ukazipindua. Tarehe zinaikanusha. El-Gi ya Italia ilitoa Ferrari 250 LM ya umeme mwaka 1966, Tamiya ya Japani ikatoa Porsche 934 mwaka 1976, na mwaka 1985 magari ya umeme ya kipimo cha 1:10 yaligombea ubingwa wao wa kwanza wa dunia wa mbio za vumbi huko Del Mar, California. Umeme, basi, si mgeni aliyechelewa kufika. Uliishi bega kwa bega na nitro kwa miongo kadhaa, na kilichobadilika baadaye ni kiasi cha kazi ambayo mtu hulazimika kuifanya kabla gari halijatembea.

Kwa muda mrefu kazi hiyo ilizibana pande zote mbili. Seli ya nikeli-kadimiamu hutoa volti 1.2 tu, hivyo sita ziliunganishwa kupata volti 7.2, na mbio zikapangwa kuwa za dakika tano hivi kwa sababu betri haikuwa na pumzi ya zaidi. Brashi za kaboni ndani ya mota nazo zililika kwa msuguano. Gari la nitro la 1:8, lenye injini ya sentimita za ujazo 3.5, lilijazwa tangi lake kwa sekunde chache likaendelea, ila mwenyewe alipaswa kulainisha injini mpya, kubadili plagi na kurekebisha kabureta kila hali ya hewa ilipogeuka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikaja mota zisizo na brashi, na katikati ya muongo huo betri za litiamu-polima, ambazo kila seli ina volti 3.7. Seli mbili zikafanya kazi ya zile sita. Nne, zenye volti 14.8, zikaweza kulisukuma gari la 1:8 lililokuwa himaya ya injini. Traxxas ilipotoa Slash mwaka 2008, gari la umeme lililotoka dukani likiwa limeshaunganishwa, anayeanza hakuhitaji fundi: alichaji, akaendesha.

Wapo wanaosema nitro imeuawa na sheria. Ni kweli kwamba tangu Februari 2021 Umoja wa Ulaya umezuia watu wa kawaida kununua bila kibali mafuta yenye nitromethani zaidi ya asilimia 16, kwa kuwa kemikali hiyo inaweza kutengenezea vilipuzi. Lakini wakati huo umeme ulikuwa umeshaenea, hata Marekani ambako kanuni hiyo haifiki. Wengine hutaja mazingira. Hoja hiyo ina uzito kwa upande wa moshi na kelele, hasa viwanja vinapopakana na makazi, ingawa umeme wa kuchajia nao huweza kutoka kwenye makaa ya mawe, na betri ya litiamu iliyoumia huweza kushika moto. Sababu hizi ziliongeza msukumo tu kwa gari lililokuwa limeshaanza kuteremka.

Ushahidi mzito zaidi uko pale nitro ilipobaki. Fainali ya ubingwa wa dunia wa 1:8 wa mbio za vumbi imeendelea kukimbiwa kwa injini, kwa saa nzima, huku mafundi wakijaza mafuta mara kwa mara. Kama kasi ndiyo ingeamua, nitro ingekwisha huko kwanza. Imedumu kwa sababu mbio ndefu hugeuza usumbufu wake kuwa sehemu ya ushindani: kupanga mafuta, kuitunza injini, kuwa na fundi mwepesi. Kwingineko kote usumbufu huo haukuwa na malipo, na ndipo umeme uliposhinda.