Ujumbe wa hitilafu katika PHP
Ujumbe wa hitilafu katika PHP ni maandishi yanayotolewa na lugha hiyo ya programu pale msimbo unaoendeshwa kwenye seva unapokuwa na kosa. Hutaja aina ya kosa, faili na namba ya mstari.

Mpangilio wa display_errors katika php.ini ukizimwa, mara nyingi kivinjari huonyesha ukurasa mweupe tu. Hata hivyo, kwenye tovuti ya umma ni lazima uzimwe, kwa sababu ujumbe unaweza kumfichulia mgeni mahali yalipo mafaili, hata nywila ya hifadhidata. Badala yake log_errors huandika makosa katika faili la kumbukumbu.

Ujumbe uliowatatiza wengi ni ule wenye T_PAAMAYIM_NEKUDOTAYIM, Kiebrania kwa "nukta pacha mara mbili", yaani alama ya ::, uliotokana na Waisraeli Andi Gutmans na Zeev Suraski. Tangu PHP 8 (2020) ujumbe huonyesha alama yenyewe.