Mwenye Ardhi na Mwamba wa Chini: Historia ya Ukodishaji wa Hifadhi za Hewa Ukaa Marekani

Katika majimbo kadhaa ya Marekani, mwenye shamba aweza kuikodishia kampuni sehemu ya ardhi asiyoweza kuiona wala kuilima, yaani vinyweleo, ambavyo ni vitundu vidogo mno vilivyo baina ya chembe za mwamba, ili hewa ukaa itokayo viwandani ishindiliwe humo katika kina ambacho kwa kawaida huzidi mita 800, mahali ambapo mgandamizo huifanya iwe nzito ikakaribia kimiminika. Haki hiyo, ijapokuwa hunasibishwa na juhudi za kukabili mabadiliko ya tabianchi, asili yake ni mashauri ya mafuta na gesi yaliyoanza zaidi ya karne moja iliyopita.

Sheria ya Uingereza, iliyorithiwa na majimbo mengi ya Marekani, ilishikilia kwamba mwenye uso wa ardhi ndiye mwenye vyote vilivyo juu yake hadi mbinguni na vilivyo chini yake hadi kilindini. Kanuni hiyo ilifaa kwa makaa ya mawe, yasiyohama, lakini ilitikisika baada ya Edwin Drake kupata mafuta huko Titusville, Pennsylvania, mwaka 1859, kwa kuwa mafuta na gesi havijui mipaka ya mashamba. Mwaka 1889, Mahakama ya Juu ya Pennsylvania iliilinganisha gesi na mnyama wa porini, ambaye ni mali ya mtu maadamu yumo katika himaya yake, na akihamia kwa jirani umiliki hukoma. Fikra hiyo iliimarisha kanuni ya ukamataji, inayompa mali yule aliyeitoa ardhini.

Kampuni zilipoanza kurudisha gesi ardhini ili kuihifadhi, kwanza Ontario, Kanada, mwaka 1915, kisha Zoar, karibu na Buffalo, mwaka uliofuata, kanuni hiyo ilizaa matokeo yasiyotarajiwa. Mwaka 1934, mwanamke mmoja wa Kentucky aliyekuwa na ekari 54 ndani ya eneo la hifadhi aliishtaki kampuni kwa kuitumia ardhi yake bila ruhusa, akashindwa, kwa hoja kwamba gesi iliyorudishwa ardhini ni sawa na mnyama aliyeachiwa porini, hivyo si mali ya kampuni tena. Kampuni ilinusurika kumlipa mwenye ardhi, lakini kwa mantiki hiyo hiyo gesi yake ilikosa ulinzi, na mwaka 1987 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliuacha msimamo huo, ikaamua kwamba gesi iliyomo katika hifadhi yenye mipaka inayojulikana hubaki mali ya aliyeiingiza.

Lilibaki suala la mwenye nafasi yenyewe, suala gumu katika nchi ambako haki za madini zaweza kuuzwa mbali na uso wa ardhi. Wyoming, mwaka 2008, ilitunga sheria kwamba vinyweleo ni vya mwenye uso wa ardhi. North Dakota ilifuata mwaka 2009, ikakataza visitenganishwe na uso huo. Mwaka 2008 pia serikali kuu ilianzisha nafuu ya kodi ya dola 20 kwa kila tani iliyohifadhiwa, iliyofikia dola 85 mwaka 2022, na mwamba uliokuwa hauna bei ukapata wapangaji.

Hata hivyo, hewa ukaa husambaa kupita mipaka ya shamba moja, na kwa sababu hiyo North Dakota iliruhusu wenye asilimia 60 ya vinyweleo wakikubali, wengine waunganishwe nao hata wakikataa, kwa malipo ya haki. Jimbo hilo hilo, kwa sheria ya mwaka 2019, lilijaribu kuwanyima wenye ardhi malipo pale shughuli za mafuta na gesi zinapotumia vinyweleo vyao, lakini mahakama yake ya juu iliibatilisha hatua hiyo mwaka 2022 kwa kuwa ilikuwa sawa na kutwaa mali bila fidia. Alberta, Kanada, iliepuka mvutano huo mwaka 2010 kwa kutangaza kwamba vinyweleo ni mali ya dola. Marekani ilichagua umiliki wa mtu binafsi, lakini kadiri hifadhi zinavyopanuka, umiliki huo unazidi kuwa haki ya kulipwa kuliko haki ya kukataa.